Miezi Tisa ya Kuitwa Mayu

Lusia hakuwa mtu wa kuchezewa kwenye mambo ya ukwe. Siku hizi utawaona watu harusini wanacheza muziki na wakwe zao, mama mkwe mbele, mkwe nyuma, jasho linawatiririka, na umati unapiga makofi. Yeye akikuta mambo hayo alikuwa anainuka kimya kimya, anatafuta viatu vyake, anaondoka zake. Hasira hakuwa nayo. Aliwaonea aibu tu, kwa sababu wenyewe hawakuwa nayo.

Kwao, katika familia za Kisukuma za kule Buseresere alikokulia na kuzeekea, mama mkwe na mkwe wa kiume hawashikani mikono. Hawali sahani moja. Mmoja hakanyagi chumba anacholala mwenzake, na wakikutana njiani mkwe hupisha, akachuchumaa kando, salamu ikapita kwa mbali. Maduhu, mume wa binti yake Asteria, alikuwa anaijua adabu hiyo barabara. Miaka saba ya ndoa, Lusia hakuwahi kumtazama usoni hata dakika nzima. Alichokijua kwake ni kisogo, sauti, na mabuti yake ya machimboni yaliyokuwa yanakaa nje ya mlango.

"Shikamoo mama," sauti ilikuwa inasema kutoka nyuma ya nyumba.

"Marahaba baba. Wazima huko?"

"Wazima, mama."

Imetoka hiyo, mpaka Krismasi nyingine. Na jamani, Lusia alimpenda mkwe huyo! Alimpenda kuliko wakwe zake wengine wote watatu, ambao mmoja wao alithubutu siku moja kumpa mkono stendi mbele za watu. Huyo hajamsamehe mpaka leo.

Sasa sikiliza balaa lililomfika. Maduhu alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu, huko porini upande wa Geita, anashuka kwenye maduara, yale mashimo marefu ya kwenda chini ambayo ukitupa jiwe unasubiri kwanza ndipo usikie. Mke na mtoto aliwaacha Kahama, mtaa wa pembezoni ambako mji unaishia kwenye majaruba ya mpunga. Mwezi wa tisa mwaka juzi gogo la kuzuia ukuta wa duara liliachia na kumpiga kichwani. Kofia ngumu alikuwa ameivua dakika hiyo hiyo, afute jasho. Wenzake wakamtoa kwa kamba, akakimbizwa Mwanza, madaktari wakafungua fuvu na kutoa damu iliyoganda ndani. Siku ishirini na tatu hakufumbua macho.

Alipoyafumbua, hakuwa yule. Mkono wa kulia na mguu wa kulia havikumtii. Maneno yalimtoka moja moja, kwa kazi. Mkewe Asteria, Maduhu alikuwa akimwita dada. Binti yake Wema, wa miaka sita, hakumwita chochote, alimtazama tu kama mtoto wa jirani.

Walipomrudisha Kahama mwezi wa kumi na moja, Lusia alipanda basi akaja kumwona mwanawe, siyo mkwe. Alikuja na mfuko wa mchele, kuku wawili na nguo za siku nne. Shamba akamwachia binti yake wa pili, Justa, akamwambia, "Narudi Jumatatu." Hakusema ni Jumatatu ipi, na ilikuwa heri.

Siku ya pili wakampakia Maduhu kwenye bajaji kumpeleka hospitali kwa mazoezi ya viungo. Mtaalamu alikuwa binti mmoja anaitwa Violeth, mzaliwa wa Moshi, mdogo wa umbo lakini hana dogo. Alimkagua Maduhu, akamkunja, akamkunjua, kisha akageuka mlangoni alikosimama Lusia ameupa ukuta uso, kanga imemshuka mpaka kwenye nyusi.

"Mama, wewe njoo huku. Mshike hapa kiunoni, mimi nashika bega, tumsimamishe."

"Nani, mimi?"

"Ndiyo, wewe. Si ndiye utakayeshinda naye nyumbani?"

"Mwanangu, huyu ni mkwe wangu."

"Basi vizuri," akasema Violeth, "si mtu wa mbali."

Asteria akacheka. Alikuwa hajacheka tangu mwezi wa tisa, na kicheko kilipotoka kilitoka na machozi, ikabidi akae chini. Akamweleza Violeth hali ilivyo. Violeth akasikiliza, akatingisha kichwa, akaheshimu, ila hakulegeza hata kidogo. Alisema mwaka huu wa kwanza ndio ubongo unajifunza upya, na kila siku ambayo mgonjwa analala tu ni siku iliyokwenda na maji. Mara tatu kwa siku: mkono, mguu, kukaa, kusimama. Tena azungumzishwe. Asipopata mtu wa kufanya naye hayo, atabaki hivyo hivyo alivyo.

Na mtu mwenyewe yuko wapi? Asteria alikuwa anapepeta na kuchambua mchele kwenye mashine ya mzee Kamrudin, na mzee wa watu alishamvumilia miezi miwili. Akiacha, hakuna dawa na hakuna ugali. Mama mzazi wa Maduhu alifariki mwanawe akiwa na miaka kumi na miwili. Kaka yake, Mwigulu, alikuwa kijijini Maswa na pamba yake na ng'ombe wake. Ukihesabu wote, anabaki mmoja, na mmoja huyo alikuwa Lusia.

Lusia akajaribu njia ya kati. Kwanza alikataa kulala pale, maana mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe, akaomba hifadhi kwa jirani, mjane mmoja anaitwa Martina. Chakula alikipika yeye, akakiweka kizingitini, Martina akaja kumpelekea mgonjwa. Mazoezi je? Mazoezi aliyaendesha akiwa nje, chini ya dirisha, amegeuzia nyumba mgongo.

"Baba Wema! Inua mkono! Umeinua?"

Ndani kimya.

"Haya, na mwingine! Mguu sasa! Kunja!"

Martina akapita na ndoo ya maji kichwani, akaitua chini ili acheke vizuri. "Mama Asteria, unafundisha ukuta?"

"Nifanyeje sasa?" Lusia akajibu, na hakuwa anatania. Aliona kabisa kwamba anajidanganya. Siku zilikuwa zinapita, mtu amelala, na yeye anapiga kelele dirishani.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, akasikia kishindo. Maduhu alikuwa ametaka maji, akajinyoosha kwa mkono ule mzima, akaanguka kutoka kitandani kifudifudi mpaka kwenye sakafu ya saruji. Lusia akakimbia mpaka mlangoni, miguu ikagoma hapo hapo. "Martina! Martina weee!" Martina alikuwa ameenda sokoni. Akaita jirani wa upande wa pili, hakuna. Ndani mkwe wake alikuwa anakoroma kwa namna isiyo nzuri, mdomo na pua vimebanwa na sakafu. Lusia akasema kwa sauti, kama vile wazee wote wa Buseresere walikuwa pale wanasikiliza, "Mnisamehe." Akafumba macho, akaingia.

Ukweli ni kwamba huwezi kumnyanyua mtu mzima ukiwa umefumba macho. Akayafumbua. Akamgeuza, akamkalisha, akamwegemeza kifuani kwake, akamfuta damu kidogo puani kwa upindo wa kanga. Na Maduhu akakilaza kichwa chake chenye kovu palepale, akavuta pumzi, akasema neno moja: "Mayu."

Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Siyo mama wa heshima, siyo mama mkwe. Mama aliyekuzaa.

Lusia alizaa wasichana wanne. Hakuna mwanamume aliyewahi kumwita hivyo, kwa sauti ile. Alilia mpaka Martina aliporudi na vitunguu vyake, akawakuta wamekaa sakafuni, akaurudisha mlango taratibu, akaenda kupika yeye.

Basi tangu siku hiyo mchezo wa dirishani ukaisha. Lusia alijiwekea mpaka mmoja tu: kuogeshwa Maduhu aliogeshwa na mkewe alfajiri, kabla ya kazi, na hapo Lusia hakusogea hata hatua moja. Mengine yote aliyavaa. Alimlisha uji kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu. Alimkunja na kumkunjua alivyofundishwa, akimtukana kidogo kidogo, maana aligundua Maduhu akitukanwa anajitahidi. "Mvivu wewe! Ng'ombe wa baba yako wangechungwa na nani kama mguu wenyewe ndio huu?" Na Maduhu anacheka upande mmoja wa mdomo, anasukuma. Mwezi wa kwanza akakaa bila kushikiliwa. Mwezi wa tatu akasimama, Lusia kiunoni, Martina begani. Mwezi wa tano akatembea mpaka mlangoni na fimbo, mtu akimshika. Kizingiti hakukivuka.

Mwili ulikuwa unarudi. Akili ndiyo ilikuwa imekaa mbali. Yeye alijua yuko kwa mama yake, Maswa, na ana miaka kumi. Alimwuliza Lusia habari za ndama aliyezaliwa juzi. Alimwomba asimwambie baba kwamba amepoteza kengele ya ng'ombe. Lusia mwanzoni alikuwa anamsahihisha, baadaye akaona anamuumiza tu, akawa anajibu, "Ndama mzima, mwanangu. Baba hajui kitu." Na nikwambie kitu ambacho yeye mwenyewe hakumwambia mtu: alianza kukipenda. Alikuwa anaamka kwa Martina asubuhi, moyo umechangamka, anaharakisha kwenda kuitwa mayu.

Asteria aliliona hilo. Jioni moja, amerudi kazini na pumba kwenye nywele, alikuta mama yake na mumewe wanacheka. Alipoingia, Maduhu akasema kwa heshima, "Karibu, dada." Asteria akatoka nje, akaenda kukaa jikoni kwenye giza la moshi. Lusia akamfuata.

"Mama, wewe anakujua," Asteria akasema. "Mimi nimemzalia mtoto. Nimemwosha siku zote hizi. Mimi ananikaribisha nyumbani kwangu."

"Hanijui mimi, Asteria. Anamjua marehemu."

"Basi hata marehemu amenishinda."

Lusia alijisikia mwizi. Akamshika binti yake mkono, wakakaa hivyo mpaka sufuria ikaanza kuungua.

Mwezi wa sita Mwigulu akaja bila kupiga simu. Mtu wa miraba minne, mpole kwa kawaida, kofia mkononi. Akapiga hodi, akaingia, na alichokikuta ni mama mkwe amekaa kwenye kitanda cha mkwe wake, anamlisha kwa mkono. Macho yalimtoka pima. Akarudi nyuma mpaka uani, na Lusia akamfuata akiwa na tonge bado vidoleni.

"Mama," Mwigulu akasema, "wewe? Wewe unayesifiwa?"

"Baba, hakuna mwingine."

"Mdogo wangu angejua hili, angejificha mpaka kufa. Mtu asiyemjua mkwe wake amebaki na nini? Si amekwisha?"

"Bado hajaisha, shemeji," akasema Asteria aliyekuwa amefika wakati huo. "Anatembea."

"Hata mbuzi anatembea."

Usimchukie Mwigulu. Alikuwa na uchungu. Alikuwa amemlea Maduhu baada ya mama yao kufa, akamfundisha kuchuchumaa kando ya njia wakwe wakipita, na sasa kazi yake yote aliiona imefutika kwa tonge moja la ugali. Akatoa uamuzi wake uani pale pale. Wakishamaliza kuuza pamba, mwezi wa nane, atakuja na gari. Akimkuta Maduhu amemtambua mkewe, atamwacha. Asipomtambua, anamrudisha Maswa, akae na watu wake, na Asteria atakuwa huru kuendelea na maisha yake. Kule hakuna Violeth, wala mashine, wala mtu wa kumtukana ili akunje mguu. Kuna mkeka na kivuli. Lusia aliona jambo zima mbele yake, mtu amelala kwenye mkeka miaka ishirini, na nzi.

"Angalau wewe, mama, acha kumshika," Mwigulu akamalizia. "Tumwachie hiyo heshima."

"Heshima ni ya mtu anayeiona, baba. Yeye haioni, na mimi sina muda nayo." Lusia akarudi ndani, maana ugali ulikuwa unapoa.

Akaongeza juhudi. Violeth alimwambia akili haisukumwi, lakini Lusia alisukuma. Alimwonyesha picha za harusi. "Huyu nani?" "Dada." Alimleta Wema amsomee kitabu cha darasa la kwanza. Alimwimbisha Asteria wimbo aliokuwa akiimba zamani akipika. Hakuna. Mwezi wa saba ukaisha.

Halafu, wiki mbili kabla ya gari kuja, mambo yakaharibika. Asubuhi moja Lusia alipeleka kijiko mdomoni, Maduhu akafumba mdomo. Akageukia ukutani. Siku iliyofuata, Lusia alipoingia tu, mgonjwa alivuta blanketi mpaka kidevuni, katika joto lile la Kahama, akabaki analowa jasho. Alipomshika mkono kwa mazoezi, ule mkono ulichomolewa. Hakusema mayu tena. Hakusema chochote. Lusia alimbembeleza, akamtukana, akamwimbia. Maduhu anatazama sakafu. Ndama hakuulizwa tena. Jioni Asteria akirudi, Maduhu anamtazama muda mrefu bila neno, mpaka Asteria anageuza uso kwa sababu alishachoka kungoja kuitwa dada.

"Amerudi nyuma," Lusia akamwambia Martina, ameshika tama. "Hata mimi sasa ananiogopa. Nilimsukuma mno, Martina. Nimemharibu kwa mikono yangu."

Wakampigia Violeth simu. Akasema wagonjwa wengine wanafika mahali wanakataa mazoezi, wasikate tamaa, wamlete Jumatatu. Lakini Mwigulu alikuwa anakuja Jumamosi. Ijumaa Asteria alizifua nguo za mumewe, akazikunja vizuri, akazipanga kwenye begi. Hakulia. Lusia alilia kwa niaba yake, huko kwa Martina, akijilaumu mpaka usingizi ukamchukua.

Jumamosi asubuhi Noah nyeupe ikasimama mbele ya nyumba, Mwigulu na dereva wake Adam wakashuka, Asteria akatoka kuwapokea. Lusia alikuwa anatoka kwa Martina na bakuli la uji, la mwisho, alijua. Kama kawaida sauti yake ilimtangulia, anasalimiana na njia nzima. Akaingia ndani, akafika chumbani. Kitanda kitupu. Fimbo haipo. Mlango wa nyuma uko wazi.

Bakuli karibu limwanguke. "Asteria! Mumeo hayupo!"

Nyumba ikachafuka. Adam akakimbilia majarubani, Asteria akakimbilia chooni, Mwigulu akazunguka nyuma. Lusia, akili imemruka, akaingia jikoni akaanza kumtafuta mtu mzima nyuma ya debe la mahindi. Akiwa ameinama hapo ndipo akasikia sauti upande wa pili wa ukuta. Jiko lile lilikuwa la matofali ya udongo, lina matundu ya moshi, na kila neno lilipita.

"Maduhu! Umefikaje huku? Nani amekushika?"

"Taratibu, kaka." Pumzi zilikuwa nzito, za mtu aliyefanya kazi kubwa. "Mama... yuko ndani."

"Mama yetu alikufa, Maduhu."

"Najua." Akapumzika. "Mama yake Asteria. Mama mkwe. Nilisikia sauti yake... anakuja. Anaingia chumbani, kaka! Na mimi nimelala... sina hata shati. Kila siku anaingia. Nitaiweka wapi sura yangu?"

Kisha Mwigulu akauliza polepole, "Unamjua Asteria?"

"Mke wangu?" Maduhu akasema, kwa mshangao kabisa. "Unaniuliza mke wangu? Naanzaje... kumwambia habari ya mama yake?"

Lusia akasikia miguu ya Asteria inakimbia, akasikia fimbo inaanguka, akasikia binti yake anapaza sauti ambayo hakuwahi kuisikia tangu amzae. Moyo ukamlipuka. Akaweka bakuli chini, akaukimbilia mlango wa jikoni, aende akamshike, akamkumbatie mwanawe yule aliyevuka kizingiti peke yake. Mguu mmoja ulikuwa umeshatoka nje alipokumbuka yule mtu amejificha kwa sababu ya nani.

Akaurudisha mguu.

Wiki mbili! Mwanamke aliyeshika adabu ya ukwe miaka arobaini, aliyeondoka kwenye harusi za watu, alikuwa ameonewa haya wiki mbili nzima akadhani ni ugonjwa. Alitaka kujicheka akashindwa. Akaishusha kanga mpaka kwenye nyusi, akaegemea ukuta ule wa udongo, na hapo uchungu ukamjia wote kwa pamoja, uchungu na furaha, hata hakujua machozi yapi ni ya kipi. Hatamgusa tena. Hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote pale.

"Mama yuko jikoni," akasikia Mwigulu ananong'ona.

Maduhu akajikohoza. Ikasikika nguo inavutwa, Asteria anamalizia kumvalisha shati, mkono uliobaki. Kisha ile sauti ya miaka saba, nzito zaidi sasa, inayotafuta kila neno, ikapita kwenye matundu ya moshi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Waendeleaje?"

"Naendelea vizuri." Akajikusanya. "Mama. Naomba... naomba kuuliza. Kuna mama alikuwa ananishika. Ananilisha. Muda mrefu. Mimi nilidhani mayu. Mayu alishakufa." Pumzi. "Alikuwa nani?"

Asteria alikuwa anaangalia chini. Martina, aliyefika na kusimama pembeni ya jiko, alijiziba mdomo kwa kiganja.

Lusia aliitazama mikono yake. Miezi tisa. Angeweza kusema, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Walikuwa manesi, baba," akasema. "Walikuwa wanakuja kutoka hospitali."

"Manesi?"

"Ni kweli," akadakia Mwigulu, haraka, yule yule Mwigulu. "Mwezi wa sita nilimkuta mmoja hapa. Mtu mzima, mwenye huruma sana. Nilimjibu vibaya, na mpaka leo sijamwomba msamaha."

"Na wewe, mama?" Maduhu akauliza. Kwenye swali hilo alikuwa amening'inia mzima, kila aliyekuwepo alilisikia. "Wiki hizi... nilisikia sauti yako."

"Ulikuwa na homa, baba. Mimi nimefika leo. Nimeshuka basi la asubuhi, nije niwasalimu."

Maduhu akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo mgongoni.

"Pole na safari, mama."

"Asante, baba."

"Asteria," akasema, na jina hilo alilitamka lote, bila kujikwaa, "mpe mama maji. Ametoka mbali."

Asteria akaja jikoni na kikombe, amepiga goti, machozi yanamdondoka kidevuni. Lusia akakaa kwenye kigoda, akapokea kwa mikono miwili, akayanywa yote kama msafiri.